Sarafu Juu ya Mtutu

Tabora,
17 Machi 2024

Mpwa wangu mpenzi Nyamizi,

Huku sote ni wazima. Mvua hazijakata, mahindi ya nyuma ya nyumba yameanza kukauka mashuke, na goti langu la kushoto linanitabiria hali ya hewa kuliko redio. Ujumbe wako wa simu niliusoma mara tatu nikaona jibu lake haliingii kwenye simu. Bahati nzuri yupo sista anayekuja huko Bavaria wiki ijayo, ndiye aliyekubali kubeba bahasha hii. Utaona ina uzito kidogo. Ndani yake mna bahasha ndogo, usiifungue mpaka nikuambie.

Mama yako alinitangulia. Hata sijavaa miwani yangu alishapiga simu: "Kaka, mpwa wako anataka bastola. Amegombana na nani huko Ulaya?" Nikamwambia hujagombana na mtu. Nikamweleza kwamba nesi mwenzako amekuingiza kwenye chama cha kulenga shabaha hapo Würzburg, kwamba wazee wa huko wamekuwa wakifanya hivyo tangu enzi za mababu zao, na mshindi wa mwaka anavishwa mkufu anaitwa mfalme. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Na akikosa je?" Nikasema akikosa karatasi inabaki nzima. Hakucheka, lakini alikata simu bila kulia, na kwa dada yangu hiyo ni nusu ya ruhusa.

Unaniuliza mimi habari za rivolva ya shabaha kwa sababu unakumbuka ile miaka sita niliyokaa na fundi bunduki baada ya kustaafu reli. Ulikuwa bado mdogo, unaletewa chai na maandazi pale mlangoni, hukuruhusiwa kuvuka kizingiti. Yule mzee alikuwa na kibali na daftari la polisi, na mimi nilikuwa mikono yake tu, kwa kuwa macho yake yalikuwa yanakwenda. Kazi kubwa ilikuwa bunduki za marisau za wakulima wa tumbaku na bastola za wafanyabiashara wa dhahabu wa Nzega. Rivolva zilikuja chache. Lakini fundi wa mashine anaipenda rivolva kuliko silaha nyingine yoyote kwa sababu haimfichi kitu. Kila kinachotokea ndani yake unakiona au unakisikia kwa kidole. Ni saa ya ukutani yenye mtutu.

Kabla ya rivolva lakini, nikurudishe kwenye gobori la babu yetu, mimi na mama yako. Hukuwahi kuliona, lilisalimishwa siku moja serikali ilipotangaza watu wapeleke silaha zisizo na kibali. Mtutu wake ulikuwa bomba la maji. Tako lilichongwa mninga. Unamimina baruti kwa mdomo wa mbele, unashindilia kwa mdeki, unatia vipande vya chuma na nondo zilizokatwa, unashindilia tena, kisha unaweka fataki. Ukivuta, nyundo inagonga, fataki inasema "tch", halafu kuna kimya. Kimya hicho ni kifupi kuliko kupepesa jicho, lakini kina urefu wa kutosha mtu kuogopa. Ndipo mlipuko unakuja. Babu alikuwa amezoea kufumba macho na kugeuza uso ndani ya kimya kile, maana mabomba hupasuka, na jirani yake mmoja alipoteza vidole viwili hivyohivyo. Kwa hiyo wakati risasi inatoka, mlengaji alikuwa ameshaondoka. Akimkosa kanga hatua 15 mbele yake, alikuwa na neno moja: "Baruti imelala."

Hakuna aliyeweza kumbishia, kwa sababu huenda ni kweli baruti ililala. Au chuma kilikwenda upande. Au bomba limepinda. Gobori lina visingizio vingi kuliko risasi. Na hapo ndipo jibu langu lilipo, Nyamizi, mengine yote ni maelezo: rivolva ya shabaha ni ile inayokunyima kisingizio. Ukikosa, ujue ni wewe. Ukiipata ya namna hiyo na bado ukaifurahia, basi mchezo huu ni wako. Usipoifurahia, iache, ununue baiskeli.

Umeniuliza pia, kama utani, kwa nini sisi watu wa njia kuu ya misafara hatukuwahi kuwa mafundi wa shabaha ilhali bunduki zilipita mlangoni kwetu kwa maelfu. Si utani. Ndani ya mtutu wa silaha inayolenga kuna michirizi inayozunguka, kama nyuzi za nati zilizovutwa zikanyooka. Hiyo ndiyo inayoizungusha risasi kama pia, ikaenda sawa. Mtutu usio na michirizi unatupa risasi tu, kama mtu anavyotupa jiwe kutoka kwenye debe. Sasa, mwaka 1890 mataifa makubwa yalikaa Brussels yakaandika mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na humo wakaweka vifungu vya silaha kwa eneo kubwa la Afrika, sisi tukiwemo. Bunduki za michirizi na za kupakia nyuma zilizuiwa zisiuzwe huku. Za gumegume, zisizo na michirizi, pamoja na baruti ya kawaida, ziliachiwa mlango kwa masharti. Sikatai kwamba walikuwa na sababu. Bunduki zilikuwa zinawinda watu. Ila ona kilichotokea: mngurumo tuliruhusiwa, ulengaji tukanyimwa. Babu yetu alirithi mngurumo.

Miaka mitatu baadaye, Januari 1893, Mtemi Isike wa Unyanyembe alizingirwa katika ngome yake na Luteni Tom von Prince, yule waliyemwita Bwana Sakarani. Isike alikuwa na bunduki nyingi na baruti tele. Mwenzake alikuwa na silaha zinazopiga mahali zilipoelekezwa. Ngome ilipovunjwa, Isike akalitia moto ghala la baruti naye akiwa ndani. Wazee wa Itetemia bado wanaisimulia habari hiyo kwa sauti ya chini. Nikifikiri kwamba leo kijukuu wa Unyanyembe anaingia jengo la Wajerumani kulenga karatasi nao, kisha wanamnunulia kahawa, huwa natikisa kichwa peke yangu kibarazani. Sijui natikisa kwa nini. Majirani wanafikiri ni uzee.

Na rivolva yenyewe haikuwa mgeni hapa. Stanley alipoingia Tabora Juni 1871, katika orodha ya mizigo aliyoiandika mwenyewe kulikuwa na rivolva mbili, bastola sita za risasi mojamoja, na gumegume 24 za askari wake. Hesabu hiyo tu inakuonyesha nani alipewa nini. Ukienda tena Kwihara, pale kwenye tembe la makumbusho, mwombe mlinzi akuonyeshe chumba cha Stanley na cha Livingstone. Katika kitabu ambacho Stanley alikichapisha 1872 kuna picha ninayoichukia. Mpagazi yuko mtoni, maji yamemfika kifuani, kichwani kabeba sanduku la barua na kumbukumbu za Livingstone. Ng'amboni amesimama Stanley, rivolva mkononi, anamlenga: ukiliangusha sanduku, nakupiga. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi wa njia ileile. Nilipoiona picha hiyo mara ya kwanza, kwa yule fundi bunduki, nilikuwa nimeshika rivolva ya mteja mkononi, naisafisha. Niliiweka chini kwanza.

Basi tuingie karakana.

Rivolva za sasa nyingi zinapigwa kwa njia mbili. Ya kwanza, unavuta nyundo nyuma kwa dole gumba mpaka ishike, kisha kidole cha shahada kinagusa kifyatulio kidogo tu, uzito wa kilo moja na nusu hivi, nayo inalia. Ya pili, unavuta kifyatulio peke yake, na mvuto huohuo unaizungusha silinda, unaiinua nyundo na kuiachia. Hapo uzito unafika kilo tano, pengine zaidi. Wanaoanza hupenda njia ya kwanza kwa sababu ni nyepesi. Utamu wa rivolva uko katika ya pili. Na ulaini ninaokuambia uutafute ni wa mvuto huo mrefu. Usidanganyike, ulaini si wepesi. Kifyatulio cha kilo tano kinachokwenda sawasawa mwanzo hadi mwisho, kama cherehani iliyotiwa oili, ni bora kuliko cha kilo tatu kinachokwama katikati kama lango la ng'ombe.

Kwa hiyo muuzaji akikupa, kwanza fungua silinda uhakikishe vyumba vyote ni vitupu, hata kama yeye amefungua mbele yako sekunde moja iliyopita. Ombi la kuvuta bila risasi ni ombi la kawaida, asikukatalie. Isipokuwa ile ya .22, pini yake inagonga ukingo wa chumba, na ikigonga bila kitu huweza kuutoboa, basi omba risasi bandia kwanza. Elekeza mtutu mahali salama, fumba macho, vuta taratibu sana. Kufumba macho hapa ni ruhusa, si kama babu. Unasikiliza kwa kidole. Je, kuna mchanga? Je, kuna ngazi? Je, uzito unarundikana mwishoni, kana kwamba unavuta kamba ya kisima na ndoo inazidi kujaa? Rivolva za zamani za Colt, hata ile Python yao maarufu iliyotoka 1955, zina tabia hiyo ya kurundika mwishoni. Kuna watu wanaipenda, wanasema inawaonya kwamba mlipuko uko karibu. Mimi sikuipenda. Mtu akishaonywa, anajikunja.

Kisha vuta taratibu tena, ukitazama silinda. Lazima ifungike mahali pake kabla nyundo haijaanguka, kwa kila chumba, vyote sita. Chumba kimoja kikichelewa, risasi inaingia mtutuni kwa ubavu, inakwaruza, na vipande vya risasi vinamrukia aliyesimama kando. Baada ya kuvuta, shikilia kifyatulio kikiwa nyuma, uitikise silinda kwa vidole. Ikicheza kidogo sana, sawa. Ikichezacheza kama jino la mtoto, irudishe kabatini kwa heshima na shukrani.

Sasa ile siri ya mafundi. Kati ya silinda na mtutu kuna mwanya, lazima uwepo, la sivyo silinda isingezunguka. Mwanya mzuri ni kama sehemu moja hadi mbili za kumi za milimita. Tulikuwa tunaupima kwa fila ileile ya kupimia plagi za magari. Ukiwa mpana, gesi inatoka pembeni na nguvu inapotea. Ukiwa mwembamba mno, masizi ya risasi 50 tu yanaifanya silinda igome. Nunua fila, ni bei ya soda mbili. Muuzaji akishangaa kuona binti anatoa fila mfukoni, mwache ashangae. Bei huwa inashuka yenyewe.

Mtutu chukua wa inchi sita, yaani sentimita 15 na kidogo. Si uchawi. Ncha ya mbele ya kulengea ikiwa mbali na pengo la nyuma, kosa dogo la mkono unaliona mapema. Hata kanuni za shirikisho la shabaha la dunia, ISSF, kwa bastola za mita 25 zinaishia mtutu wa milimita 153, na kifyatulio kisipungue gramu 1,000. Pengo la nyuma liwe la kurekebishwa kwa bisibisi, juu na chini, kushoto na kulia. Rivolva za kuficha mfukoni zina mtutu wa inchi mbili na pengo lililochongwa moja kwa moja. Hizo za mtu mwenye adui. Wewe huna adui, tumeshakubaliana na mama yako.

Mpini ni jambo ambalo wauzaji huliruka, na kwako ndilo kubwa, maana una mikono ya bibi yako. Shika bastola sawasawa na mkono, kisha tazama kidole cha shahada kinafikia wapi. Kwa ule mvuto mrefu, kifyatulio kikae karibu na kiungo cha kwanza cha kidole. Ikikubidi kuuzungusha mkono ndipo kidole kifike, kila risasi itakwenda upande mmoja na utalaumu macho. Mpini unabadilishwa, wa mbao unachongwa. Hapo ulipo kuna mafundi wa kuchonga mpini kwa kipimo cha mkono wa mtu, na fedha ya kazi hiyo ina faida kuliko fedha ya kubadilisha jina la kampuni.

Kuhusu risasi, nenda na .38 Special. Ni ya mwishoni mwa karne ya 19, na mpaka leo sijaona inayoizidi kwa kufurahisha karatasi. Kuna risasi yake yenye uso bapa kama kizibo, iliyotengenezwa kwa ajili ya shabaha tu: inakwenda polepole, teke lake ni la ndama, na inakata tundu la mviringo kwenye karatasi kana kwamba karani ametumia mashine yake. Wengi watakushauri ununue rivolva ya .357 Magnum. Usikatae, kwa sababu chumba chake kinameza .38 Special pia, na chuma chake kinene kinapunguza teke. Ila usipige hizo Magnum zenyewe, angalau mwaka wa kwanza. Zinafundisha woga haraka kuliko kitu kingine chochote.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa mimi. Kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1978, siku ya shabaha, mwenzangu wa pembeni bunduki yake ililia kabla sijajiandaa, na kuanzia hapo nikawa najikunja kila ninapovuta. Afande akaona. Hakunifokea, jambo la ajabu kwa afande. Alichukua bunduki yangu, akanigeuzia mgongo, akanirudishia bila kuniambia kama kuna risasi chemba au hakuna. Nikavuta. Kimya, na mtutu ukaanguka chini kama kichwa cha kuku. Kikosi kizima kikacheka. Rivolva imeumbwa kwa ajili ya dawa hiyo: mwambie mwenzako wa chamani akutilie risasi mbili hai na maganda manne matupu, aizungushe silinda, aifunge. Hutajua kipi kinakuja. Siku mtutu utakapotulia juu ya ganda tupu kama ulivyotulia juu ya risasi, utakuwa umepona. Mimi ilinichukua wiki tatu. Wewe ni nesi, unachoma watu sindano bila kupepesa, labda siku tatu.

Majina? Unayataka, najua. Ile niliyoishika nikasikitika kuirudisha ilikuwa Smith & Wesson ya .38, ya ukubwa ambao wao wanauita fremu ya K. Ilikuwa ya bwana mmoja wa Urambo, na baba yake aliinunua kwa Mwingereza aliyebaki nyuma baada ya mradi wa karanga kufa. Katika familia hiyo kuna ile waliyoibandika namba 14 mwaka 1957, yenye mtutu mrefu wa shabaha, na nduguye namba 17 ya .22. Zilizotumika zikapumzika zipo nyingi Ulaya, na chuma cha wakati ule kilisuguliwa na binadamu. Ruger GP100 ni trekta: haifi, lakini ulaini wake unakuja baada ya kuitumia sana au kwa mkono wa fundi. Manurhin MR73 ya Wafaransa, ya mwaka 1973, ni kitu cha heshima. Askari wao wa kikosi maalumu waliiamini miaka mingi. Na hapo Ujerumani kuna Korth, ambayo bei yake ingenunua shamba la mninga, usiiguse hata kwa kuonja, itakuharibia nyingine zote. Lakini usisahau Weihrauch. Wako Mellrichstadt, safari fupi kaskazini ya hapo ulipo. Rivolva zao hazina sifa za kwenye sinema, bei yake ni ya mfanyakazi, na nimesikia kwa watu ninaowaamini kwamba ya shabaha inapiga vizuri. Ipime kwa kidole na fila, kisha uamue. Kidole hakisomi jina.

Kwenye karakana yetu kulikuwa pia na Webley moja kubwa, ile ya .455 ya maofisa wa Kiingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, inayokunjuka katikati ukipakia. Kila mteja alitaka kuishika, hakuna aliyeweza kulenga nayo. Ilikuwa nzito kama nyundo ya reli na kifyatulio chake kama cha kufungulia behewa. Silaha yenye historia si lazima iwe na shabaha.

Umesema sheria ya huko inataka uwe mwanachama unayefanya mazoezi miezi 12 ndipo uombe ya kwako, na uwe na kabati la chuma la daraja la 0 au la 1. Mimi naona ni sheria nzuri, na hiyo miezi 12 usiilalamikie. Tumia silaha za chama. Anza na .22, haina teke na risasi zake ni rahisi, piga nyingi. Kila Jumamosi badilisha rivolva, uandike kwenye daftari: kidole kilisikia nini, karatasi ilisema nini. Kufika mwezi wa kumi na mbili utakuwa hunihitaji. Funika masikio kwa vizibo na kwa vifuniko juu yake, miwani usivue, na ukitoka nawa mikono kabla ya kula chochote, kwa sababu vumbi la risasi ni sumu, wewe unajua kuliko mimi. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka macho yawe kwenye shabaha. Hilo sitalirudia, lakini ungekuwa karibu ningelirudia mara tano na ungenikasirikia.

Sasa fungua bahasha ndogo.

Hiyo ni sarafu ya heller 20. Tazama upande wenye taji: D.O.A., yaani Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, mwaka 1916, na herufi T, yaani Tabora. Wakati huo wa vita Wajerumani walikuwa wamezingirwa baharini, fedha hazifiki kutoka kwao, basi wakaanza kugonga za kwao hapahapa katika karakana ya reli. Za dhahabu, zenye tembo, zilitokana na dhahabu ya Sekenke. Hizo wenye pesa wanazitafuta mpaka leo. Hizi za njano ni za maganda ya mizinga yaliyoyeyushwa. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia mjini, ikawa basi. Hiyo yako niliiokota mwaka wangu wa pili kazini, nikichimba msingi nyuma ya karakana, nikaitia mfukoni badala ya kuipeleka ofisini, na ndiyo mali pekee ya reli niliyowahi kuondoka nayo.

Kazi yake ni hii. Usiku, ukitoka zamu, ukishapata yako (au mwombe mwalimu wa chama ufanye palepale), hakikisha vyumba ni vitupu, hakikisha tena, risasi zote ziwe chumba kingine. Weka sarafu ilale juu ya mtutu, karibu na ncha ya mbele. Lenga kidoa ukutani. Vuta ule mvuto mrefu, kilo tano zote, mpaka nyundo ianguke. Sarafu isianguke. Wiki ya kwanza itakuwa sakafuni kila mara, na wenzako wa chini watagonga dari. Weka zulia.

Ikikaa mara kumi mfululizo, nipigie simu, saa yoyote. Mama yako nimemwambia kwamba huko unajifunza kubeba sarafu bila kuiangusha, naye ameridhika kabisa, tafadhali usinifanye mwongo.

Ni mimi mjomba wako,
Tabora